Wimbo Mmoja Kila Jumapili

Baba yangu alikuwa na santuri moja tu maishani mwake, na yenyewe ilikuwa ya Wazungu waliovuta bangi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo mama alivyosema mpaka anakufa, na mama hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Kwenye jalada walikuwapo watu wanne wenye nywele ndefu, wamekaa juu ya kitanda cha chuma, na kitanda kimewekwa katikati ya shamba la maua. Hakuna nyumba, hakuna ukuta, ni kitanda na maua tu. Nyumbani tuliiita "ile ya kitanda". Jina lake halisi sitaliandika hapa, maana wanaoipenda wana ubishi wao, nami sitaki barua zao.

Baba aliachiwa na kijana Mwaustralia aliyekuja kufundisha kemia kwenye shule ya sekondari ambako baba alifundisha jiografia, mkoani Dodoma. Kijana alipomaliza miaka yake miwili aligawa kila kitu alichokuwa nacho: viatu, chandarua, masufuria. Baba alipata gramafoni ya betri na ile santuri. Walimu waliopata viatu walimcheka sana. Viatu viliisha mwaka uleule.

Kila Jumapili, tukishatoka kanisani na kula, baba alinawa mikono kwa sabuni kana kwamba anaenda kupasua mtu. Alifuta santuri kwa kitambaa cha flana, akaiweka, akatuangalia mmoja mmoja. "Hakuna kutembea." Sakafu yetu ilikuwa mbovu, ukitembea sindano inaruka. Basi tulikaa palepale tulipo, mimi, dada yangu mkubwa na mama, mpaka upande wa kwanza uishe. Dada alichukia kukalishwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, shoga zake wako nje, naye amefungwa ndani anasikiliza Mzungu akilia kuhusu mto. Mimi nilikuwa na saba na niliona hiyo ndiyo dini yenyewe.

Nyimbo zilikuwa kumi, tano kila upande. Wenye kujua wanaiita saikedeliki fok-rok. Kwangu ni gitaa ya nyuzi kumi na mbili inayoanza taratibu, ungedhani mtu anajipigia jikoni huku akingoja maji yachemke. Mwanamke anaimba kuhusu mto, au kuhusu mtu aliyegeuka mto, hilo hatukuwahi kukubaliana. Wengine wanamfuata, si kwa pamoja, kila mmoja akiingia kwa wakati wake na njia yake. Halafu, pale unapofikiri umeshaujua wimbo unavyokwenda, kuna sauti zinazochezwa kinyumenyume, kengele ndogondogo, na sakafu inaondoka chini yako. Katika wimbo wa tatu filimbi inaingia ghafla. Baba alikuwa akinyanyua kidole kabla haijaingia. "Sasa!" Na kweli, inaingia.

Alituambia kwamba wale Wazungu walikuwa wanaimba kama Wagogo, ila hawajui. Sisi tumezaliwa kwenye uimbaji wa namna hiyo, sauti moja inakwenda huku, nyingine inaikata, ya tatu inakaa juu, na zeze chini linasaga. Baba alikuwa na hakika kwamba yule mwanamke wa kwenye jalada, aliyekaa miguuni mwa kitanda, angewekwa katikati ya kinamama wa kijijini kwao asingepotea hata dakika moja. Mama akasema angepotea kwa njaa. Baba aligeuza upande wa pili.

Gramafoni ilikufa nikiwa kidato cha pili. Santuri yenyewe iliachwa kwenye rafu chini ya bati msimu mmoja wa joto, ikapinda kama chapati iliyoachwa jikoni. Baba hakuitupa. Aliiweka kwenye jalada lake, akaitundika ukutani kwa msumari, na hapo ilikaa miaka yote niliyosoma, niliyoolewa, niliyoachika, na niliyopanda ndege kuja Sydney.

Nimekaa Quakers Hill, magharibi ya jiji, miaka kumi na moja, kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba ya familia moja ya Wafilipino, watu wa heshima. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye makao ya wazee, mwendo wa basi na treni. Naogesha, nalisha, nageuza, nabishana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, lakini wazee wananipenda kwa sababu sisemi nao kama watoto.

Nilikuwa nimekata tiketi ya kwenda nyumbani mwezi wa nne, mwaka ule korona ilipoingia. Ningeweza kwenda Krismasi iliyotangulia. Baba mwenyewe aliniuliza kwenye simu, "Krismasi huji?" Nikamwambia Krismasi nauli inapanda na kazini wanalipa zaidi, nitakuja mwezi wa nne, una haraka gani? Mwezi wa tatu wakafunga mipaka. Hakuna kutoka, na ukitoka hujui utarudi lini. Nimejilaumu kwa mambo mengi maishani, mengine ya uongo, lakini hili ni la kweli na nimelizoea kama maumivu ya goti.

Mwaka uliofuata baba akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa na maneno yakakatika. Alilazwa, akatolewa, akapelekwa kwa dada mjini Dodoma. Dada alimpa chumba cha mtoto wake wa kwanza na akatundika ile santuri iliyopinda mbele ya kitanda chake. Hilo alilifanya bila kuambiwa na mtu, ingawa aliichukia tangu utotoni. Nililiona kwenye simu.

Nilimwona baba kwenye simu pia. Alikuwa ananitazama lakini hakuwa ananipokea. Namwita, naimba, namtania kama tulivyozoea kutaniana, na yeye macho yake yako kwenye kona ya simu. Dada akasema daktari kasema anasikia, tuzungumze naye tu. Niliongea mpaka nikaishiwa. Ndipo nikapata wazo, na wazo likanikamata shingoni lisiniachie: baba asikie ile ya kitanda tena, yote, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa kumi, kabla hajafa. Ndege sina, mkono wa kumshika sina. Hili ningeweza.

Nyimbo hizi ziko kwenye mtandao, najua, msinifundishe. Nilijaribu. Zimesafishwa, zimepigwa pasi, hata ile pumzi anayovuta mwanamke kabla ya filimbi wameifuta. Nilitaka santuri, na mikwaruzo yake.

Niliipata Penrith, mbele zaidi magharibi, pamoja na gramafoni ya kuipigia, kwa mzee mmoja aliyestaafu, aliyeweka tangazo. Hiyo ilikuwa kabla hawajatufungia tena. Nikampigia simu. Akasikia lafudhi yangu, akaniuliza kwa upole kama nina uhakika, kwa kuwa huu si muziki ambao watu wa kwetu kwa kawaida... Nikamkatiza palepale. "Bwana, wimbo wa tatu upande wa kwanza, mwanamke anavuta pumzi, halafu filimbi. Nikuimbie?" Alicheka mpaka akakohoa. Nilipofika alikuwa ameniwekea kiti barazani, mita mbili kutoka chake, na chai.

Akaniambia ilipotoka hakuna aliyeinunua, maduka yaliirudisha kwa maboksi. Yeye mwenyewe aliinunua kwa sababu ya jalada. Sasa vijana wa umri wa wajukuu zake wanamwandikia kila wiki wakiitafuta. Nikamwuliza kwa nini. Akafikiri sana, akasema hajui, labda ni kwa sababu haina haraka. Niliona hajalifikia jibu. Lakini tangu siku ile nimelifikiria swali hilo kwenye treni, kwenye shifti, nikikunja mashuka ya watu, na nimepata jibu langu. Watu wale hawakuwa waimbaji wazuri kiasi hicho. Yule mwanamke anachelewa kidogo kila mahali, mwanamume wa pili anakwaruza. Lakini unasikia kwamba wanasikilizana. Mmoja akienda mbali, wengine wanapunguza, wanamngoja. Kila anayeisikiliza anaona kama kuna nafasi moja kwenye kile kitanda imeachwa wazi kwa ajili yake. Ndiyo maana haizeeki. Na ina huzuni, hiyo nayo niliigundua ukubwani: ni furaha ya watu wanaojua jua litazama na watalazimika kurudi nyumbani, kila mtu kwake.

Basi. Lokdauni ikarudi katikati ya mwaka, na huku kwetu magharibi ikawa kali kuliko kwingine. Hakuna kutoka zaidi ya kilomita tano isipokuwa kazini, hakuna mgeni ndani, polisi barabarani. Nilikuwa naenda kazini, natiwa kijiti puani, navaa plastiki mwili mzima, narudi, nalala. Sikugusa mtu asiye mgonjwa kwa muda mrefu sana. Siku pekee iliyokuwa na jina kwangu ilikuwa Jumapili.

Saa kumi na mbili jioni kwangu ni saa tano asubuhi kwao, dada ameshatoka ibada ya kwanza. Napiga kwa video. Naweka simu mbele ya spika, naweka sindano, narudi nyuma. Wimbo mmoja tu kila Jumapili, kwa sababu baba alichoka upesi na bando la dada halikuwa la mchezo.

Wimbo wa kwanza hakufanya lolote. Wa pili alifunga macho, dada akasema kalala, nikasema hajalala, tukagombana. Wa tatu nilikuwa nimeshika roho mkononi. Gitaa, mwanamke, ile pumzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya blanketi. Kidole kikanyanyuka. Filimbi ikaingia.

Nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga dirisha. Dada upande wa pili alikuwa anasema "Jamani! Jamani!" tu. Wiki ile niliogesha wazee wa watu huku naimba. Wa nne akalia, machozi ya jicho moja. Wa tano akatoa sauti, "mm, mm", si maneno, lakini kwa mapigo yenyewe. Wa sita, wa kwanza wa upande wa pili, alinitazama. Safari hii hakutazama kona ya simu, alinitazama mimi. Nikamwambia, "Baba, zimebaki nne. Usiniangushe."

Jumapili iliyofuata dada alipokea bila picha. Akasema simu imeanguka, kamera imepasuka. Nikakasirika. Nikamwambia azime simu awashe, akasema kafanya, nikamwambia aazime ya jirani, akasema jirani kasafiri. "Haya, anasikia?" "Anasikia." Nikaweka wimbo wa saba. Ulipoisha nikauliza, "Amefanya nini?" "Ametulia." "Kidole?" Nikasikia kiti kikilia. "Amenyanyua," akasema dada. "Amenyanyua kidogo."

Wiki zile watu walinikumbuka kupita kiasi. Mama mmoja Mtanzania wa Penrith, ambaye hatukuwa tumeongea tangu tugombane kuhusu ukumbi wa harusi, alipiga kuniuliza kama nimekula. Mwenyekiti wa umoja wetu wa Watanzania naye, mzee wa heshima zake, akapiga kuuliza nakaa na nani. Peke yangu, mzee, unajua. "Hakuna hata mtu mmoja wa nyumbani karibu na hapo?" Hakuna, mzee, kwani vipi? "Ah, nilikuwa nasalimia tu." Mwanamke mwingine wa umoja akapiga kunisomea zaburi. Nikamwuliza kama amelewa.

Wimbo wa nane nilimtukana dada. Sipambi. Majibu yake yalikuwa mafupi, sauti imekauka, kila nikiuliza baba yukoje ananijibu neno moja. Kamera bado haijatengenezwa. Nikamwambia maneno ambayo nikiyaandika mkono unakataa, lakini nitayaandika: kwamba hajawahi kumpenda baba wala muziki wake, kwamba anamwona mzigo, kwamba anangoja afe apumzike. Nilimsikia akipumua. Kisha akasema, "Weka wimbo, mdogo wangu. Bando linaisha." Nikaweka. Wa tisa tukasalimiana kama watu wa ofisini.

Jumapili ya wimbo wa kumi nilikuwa nimejiandaa. Ni mrefu, unajaza nusu nzima ya upande. Wanaanza wote wanne, halafu wanaacha kuimba mmoja mmoja. Nilikuwa nimefagia, nimeoga, nimevaa gauni. Saa kumi jioni mlango ukagongwa.

Alikuwa nesi mmoja Mkenya anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu, rafiki yangu wa kununua unga pamoja Blacktown. Amevaa barakoa, amesimama kwenye majani, kashika sufuria iliyofungwa kwa taulo. Nikamwuliza kulikoni, unajua mgeni haruhusiwi. Akasema, "Najua. Umekula?"

Nilijua hapohapo, hakuwa na haja ya kuendelea.

Kwetu habari ya msiba haitolewi kwa simu kwa mtu aliye peke yake ugenini. Wanatafutwa watu wazima wa karibu, wanakuja wawili au watatu, wanakaa, wanauliza umekula, wanahakikisha umekula, ndipo mmoja anasema. Wote tunaoishi nje tunaujua utaratibu huu, na wote tunaogopa kuona watu wa nyumbani mlangoni bila taarifa. Mimi mwenyewe nimewahi kutumwa mara mbili. Mara ya pili tulimkalisha mtu saa nzima tukimlazimisha ale wali.

"Ni baba?" nikamwuliza.

"Ni mzee, dada. Pole. Pole sana."

"Leo?"

Akaangalia sufuria. "Si leo."

"Lini? Sema lini!"

"Jumanne hii zitatimia wiki nne. Haki ya Mungu, mimi nimeambiwa jana. Wangeniambia mapema ningekuja siku hiyohiyo, hata wanishike."

Akanieleza akiwa amesimama palepale kwenye majani, barakoa imelowa. Baba alifariki Jumanne alfajiri, siku mbili baada ya wimbo wa sita. Alizikwa Alhamisi. Dada alimpigia mwenyekiti siku ileile, akimwomba watu waje kwangu. Lakini watu wetu wote wako Penrith na kwingineko, hakuna aliyekuwa ndani ya kilomita tano zangu. Wakafungua kundi la WhatsApp kwa ajili ya msiba, wakaniacha nje. Wakajadiliana mle ndani. Wengine wakasema basi aambiwe kwa simu, wazee wakakataa: yuko peke yake, akianguka nani atamwokota? Mtu mmoja akasema kuna Mkenya jirani yake. Hilo nalo likajadiliwa wiki nzima, kwamba inafaa au haifai baba wa mtu kutangazwa na mtu wa nchi nyingine. "Kwani sisi si watu?" nesi akaniuliza, na hapo alikuwa analia. Siku chache baadaye nilikuja kuambiwa kwamba sheria iliruhusu mtu kuvuka hizo kilomita kwenda kumfariji mfiwa. Iliandikwa. Katika kundi zima la watu wenye shahada zao hakuna aliyesoma mpaka chini.

Nilimwambia aingie. Aliingia, faini na iwe faini. Akanishika, na ile ya kushikwa tu ilinivunja kuliko habari yenyewe. Nililia mpaka nikatapika. Nililia kwa hasira: nilikuwa nimeogesha baba za watu mwaka mzima, wa kwangu akaogeshwa, akavishwa, akafukiwa, na mimi niko Quakers Hill napiga gitaa. Jumapili tatu nilikuwa namwekea santuri mtu ambaye hayupo. Nilimwambia nesi nimefanywa kichaa. Akanipakulia mchuzi, akanilisha kwa kijiko kama ninavyowalisha wazee wangu. Nikala. Ningefanyaje?

Saa kumi na mbili ikafika. Nesi akaniuliza kama napenda atoke nje, nikamwambia akae. Nikampigia dada. Alipokea kwa mlio wa kwanza, kwa video. Kamera ilikuwa nzima kabisa. Alikuwa amekonda. Kichwa alikuwa amenyoa.

"Ameshafika?" akauliza.

Nikamrukia. Nilimwita mwongo. Nilimwambia amenifanya mjinga, amenichezea, amemchezea na marehemu. "Ulisema amenyanyua kidole!"

"Ulitaka niseme nini?" akajibu, polepole. "Uko peke yako chumbani, jioni, nchi ya watu, mlango umefungwa. Nikuambie baba amekufa, ukate simu, halafu? Nilikuwa nimeshazika mmoja."

"Ungeacha kupokea!"

"Ningeacha kupokea ungejua."

Nikamwuliza alikuwa anafanya nini, dakika zile zote, ninapoweka wimbo. Nilimwuliza kwa ukali bado, kama hakimu.

Akasema Jumapili ya kwanza wageni walikuwa bado wamelala kwenye mikeka uani. Simu ilipolia aliinuka katikati yao, akaingia chumbani kwa baba, akafunga mlango, akaiweka simu pale kitandani kwa sababu hakujua aiweke wapi kwingine. Akakaa kwenye kiti chake cha kumlishia. Jumapili ya pili, nilipomwambia yale maneno, alichukua mto wa baba, ulikuwa bado haujafuliwa, akaubana mdomoni kwa mikono miwili mpaka wimbo ukaisha. Kina mama wa msiba walikuwa nje wanamngoja, wakaona ametoka macho makavu, wakasemana kwamba ana moyo mgumu.

"Kwa nini hukulia?" nikamwuliza.

"Ningeliaje, na wewe unasikiliza?"

Nesi alikuwa ameshika bega langu. Nilimtazama dada yangu na kile kichwa chake kilichonyolewa. Mwanamke wa miaka hamsini na tano, aliyemgeuza baba kitandani miezi yote ile peke yake, aliyeuchukia muziki ule tangu ana miaka kumi na mitatu, na akasikiliza nyimbo tatu nzima, mwanzo hadi mwisho, bila kutikisika, ili mimi nilale.

Nikamwambia, "Dada."

Akaitika.

"Pole na msiba."

Watu wote walikuwa wameshampa pole: majirani, kwaya, walimu wastaafu waliokuja na fimbo zao, hata yule mwenyekiti wa umoja wetu kwa simu. Katika msiba wa baba yetu, ni mimi peke yangu nilikuwa sijampa.

"Nimeshapoa," akasema, kama inavyojibiwa. "Pole na wewe."

Lakini hakuwa amepoa. Uso ulimkunjamana, akaweka simu magotini, nikawa naona dari tu, na akaanza kulia kwa sauti, bila kujiziba. Kilio cha msiba wa baba nilikuwa sijakisikia hata mara moja. Nilikaa nikakisikiliza mpaka bando lake likaisha.